Uchambuzi wa kisa: seva ya kuinstoli iliyofuta kompyuta ambayo haikuwa kwenye orodha

Majina, aina ya kampuni na mahali nimeviondoa, na vitu viwili vitatu nimevigeuza kidogo ili wahusika wasijulikane. Mfuatano wa mambo na upande wa ufundi viko kama nilivyovikuta kwenye logi na kama fundi alivyonisimulia. Mimi niliitwa mwishoni, mambo yakiwa yameshaharibika.

## Hali ilivyokuwa

Ofisi ya ghorofa mbili, kompyuta sitini na kitu, fundi mmoja wa IT na kijana mmoja anayejifunza kazi chini yake. Mashine ni mchanganyiko, kuna za zamani zenye BIOS ya kawaida (programu ya ndani inayoiamsha mashine) na kuna mpya mpya zenye UEFI, mrithi wa BIOS, na Secure Boot imewashwa, yaani kinga inayokataa kubuti kitu kisicho na saini. Nyingi zilikuwa na Windows 10, na kama mnavyojua Microsoft walishatangaza sapoti yake inaisha tarehe 14 Oktoba 2025, halafu mashine nyingi pale hazina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, so Windows 11 haikuwa njia rahisi. Wafanyakazi wengi kazi zao ni brauza, imeili na hati za kawaida, wakakubaliana wahamie Debian, mfumo wa Linux. Uhasibu peke yao waliachwa nje manake programu yao inakimbia kwenye Windows tu.

Fundi alishawahi kuinstoli kwa flashi, moja moja, na hakutaka tena kurudi huko. Ukikaa mbele ya mashine sitini unajibu maswali yale yale ya lugha, kibodi, saa, diski, jina, paswedi, ukifika ya kumi tayari umeshaanza kukosea na hakuna mashine mbili zinazofanana. Meneja naye akatia neno lake: "nataka mtu awashe tu kompyuta, isiulize chochote." Hiyo sentensi ishikeni, tutairudia chini.

## Walichokijenga

Kwa asiyejua, kuinstoli kupitia mtandao kunaenda hivi. Kompyuta ikiwashwa na ikaambiwa ibuti kwa mtandao, njia inayoitwa PXE, kadi yake inapiga kelele ya DHCP (itifaki ya kugawa anwani za mtandao) kuomba anwani, na ndani ya ombi hilohilo inauliza kama kuna mtu wa kuibutisha. Ikijibiwa inapewa jina la faili, inalivuta kwa TFTP (itifaki nyepesi ya kuhamisha faili), faili hilo linaleta menyu, menyu inapakia kerneli na initrd (kiini cha Linux na faili zake za kuanzia), halafu kisakinishi kinaenda kuchukua faili la majibu kwa HTTP. Kwa Debian faili hilo linaitwa preseed, ndani yake kila swali lina jibu lake. Kwa familia ya Red Hat lingekuwa kickstart, kwa Ubuntu za sasa ni autoinstall, Windows wana faili lao la XML, ila mzunguko ni uleule.

Shida ya kwanza: DHCP ya ofisi ilikuwa inatolewa na ruta ya mtoa huduma ya intaneti, na kwenye ruta hiyo huwezi kuweka chaguo namba 66 na 67, yaani zile zinazotaja seva na jina la faili la kubutia. Wengi hapo wanazima DHCP ya ruta na kuweka yao. Fundi hakufanya hivyo na naona alifikiri vizuri, manake seva yake ilikuwa kompyuta ya zamani tu, ikifa ofisi nzima inakosa anwani. Alitumia dnsmasq, programu ndogo ya DHCP, kwa namna ya proksi, ruta inaendelea kugawa anwani kama kawaida na dnsmasq inaongezea tu taarifa za kubuti. Mstari wenyewe ni mfupi, dhcp-range=192.168.1.0,proxy, basi, pamoja na mistari ya pxe-service kwa kila aina ya mashine.

Aina ya mashine unaijua kwa chaguo namba 93 ndani ya ombi la DHCP. Mashine ya BIOS inasema 0, ya UEFI ya biti 64 inasema 7. Ya BIOS ilipelekwa pxelinux.0, kibutishaji chake. Za UEFI mwanzoni alizipelekea iPXE, kibutishaji kingine, aliyoijenga mwenyewe, Secure Boot ikaikataa palepale kwa sababu haina saini inayotambulika. Kijana akapendekeza wazime Secure Boot kwenye kila mashine. Fundi akakataa, akachukua bootnetx64.efi na grubx64.efi zinazokuja ndani ya kifurushi cha netboot cha Debian chenyewe, hizo zimesainiwa na zinapita bila kuzima kitu. Hapo aliokoa kazi ya kuzunguka na BIOS za watu, ingawa kama mtakavyoona kuzunguka alizunguka tu kwa sababu nyingine.

Na kitu kimoja kidogo kilichosaidia kuliko kinavyoonekana: aliweka apt-cacher-ng kwenye ileile seva, mlango 3142, na kwenye preseed akaelekeza mirror/http/proxy huko. Mashine ya kwanza inavuta vifurushi kutoka intaneti, zinazofuata zinavikuta vipo tayari ndani. Bila hiyo mashine kumi kwa pamoja zingemaliza intaneti ya ofisi na watu wangeanza kulalamika kabla ya saa nne.

## Siku za mwanzo

Kwenye chumba cha fundi kila kitu kilienda poa. Ghorofa ya pili mashine zikakataa, skrini inaandika PXE-E51, yaani hakuna ofa ya DHCP wala ya proksi iliyofika. Kebo nzima, taa ya swichi inawaka. Wakahangaika na dnsmasq asubuhi yote na dnsmasq haikuwa na kosa lolote. Juu kulikuwa na swichi ya kusimamiwa yenye spanning tree imewashwa, yaani kinga ya swichi dhidi ya data kuzunguka kwenye duara, na kwenye spanning tree ya kizamani mlango ukiamka unakaa sekunde 15 ukisikiliza na 15 nyingine ukijifunza kabla haujapitisha kitu. Sekunde 30, na kadi nyingi hazina subira hiyo, zinaomba mara kadhaa zikikosa zinakata tamaa. Chumbani kwa fundi swichi ilikuwa ile ya bei rahisi isiyojua spanning tree ni nini, ndo maana kule ilikubali. Dawa yake ni kuweka portfast, inayouacha mlango upitishe mara moja, kwenye milango inayoangalia kompyuta. Isiwekwe kwenye milango inayounganisha swichi na swichi, ukifanya hivyo unajiundia duara.

Halafu ikaja ya diski. Preseed iliandikwa /dev/sda, jina la diski kwenye mashine za zamani, kwa sababu ilijaribiwa kwenye mashine pepe na kwenye kompyuta moja ya zamani. Mashine mpya diski zake ni nvme0n1, kisakinishi kinasimama kinasema diski haipo. Na mbili hivi hazikuonyesha diski kabisa mpaka kwenye BIOS ilipotolewa hali ya RAID ikawekwa AHCI, namna nyingine ya kuwasiliana na diski. Kijana akatafuta mstari wa early_command (amri inayokimbia mapema ndani ya kisakinishi) unaochukua diski ya kwanza kwenye orodha ya list-devices, ukafanya kazi, wakafurahi. Ila diski ya kwanza kwenye orodha inaweza kuwa flashi mtu aliyoisahau nyuma ya mashine, au diski ya pili yenye data zake. Mstari huo hauna habari na hilo, unachukua wa kwanza tu.

Sasa kile ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa chote. Ili kutimiza lile la meneja la kuwasha tu, walipita kompyuta zote za jengo jioni moja wakaweka mtandao uwe wa kwanza kwenye mpangilio wa kubuti. Zote, hata za uhasibu, kijana alisema "tukishafika kwao si watakuwa tayari." Na kwenye menyu chaguo la kwanza, lile linalochukuliwa lenyewe baada ya sekunde 10, likawa ni kuinstoli.

Mashine ya kwanza ilipomaliza kuinstoli ikajiristati, ikaenda mtandaoni, ikakuta menyu, ikasubiri sekunde 10, ikaanza kuinstoli upya. Waliliona hilo siku ya kwanza kabisa. Walichofanya ni kusimama karibu na mashine na kuchomoa kebo ikikaribia kumaliza, kisha kuingia BIOS na kurudisha diski mbele. Fundi aliniambia "ilikuwa inakera tu, hatukuona kama ni tatizo." Mashine inajifuta yenyewe mbele ya macho yako bila kuulizwa na mtu, na wewe unaiweka kwenye fungu la makero.

## Umeme uliporudi

Mchana mmoja umeme ukakatika jengo zima ukarudi baada ya muda mfupi. Baadhi ya kompyuta BIOS zake zimewekwa zijiwashe zenyewe umeme ukirudi. Moja ilikuwa ya mhasibu, ambaye alikuwa ameondoka mezani. Seva ya kuinstoli ilikuwa kwenye UPS, ile betri ya akiba, so haikuzimika hata kidogo, ilikuwa pale inasubiri wateja.

Kwenye logi ya dnsmasq inaonekana wazi, ombi la DHCP, jibu la proksi, pxelinux.0 limetumwa, kerneli, initrd. Kisha kwenye logi ya HTTP preseed.cfg imesomwa na anwani ya mashine ya uhasibu. Hakuna hata mstari mmoja wa kosa. Mtambo ulifanya kazi kama ulivyotengenezwa.

Mhasibu aliporudi akampigia fundi: "Kaka, mbona kompyuta yangu inajiandikia mambo yenyewe, kuna mstari unajaa, umefika asilimia sitini." Fundi akamwambia "dada chomoa waya wa umeme, sasa hivi, usiguse kitu kingine," akapanda ngazi anakimbia. Ilikuwa imechelewa. Jedwali la patisheni lilishaandikwa upya na ext4, mfumo wa faili wa Linux, ilishaundwa juu yake.

Wangeweza kuokoa chochote? Kwenye diski ya kuzunguka pengine sehemu kubwa, unakopi diski nzima kwanza kwa ddrescue halafu unahangaika na photorec kwenye kopi. Hii ilikuwa SSD, na mke2fs kwa kawaida yake inapounda mfumo wa faili inaiambia diski itupe vipande vyote vya zamani. Walijaribu, wakapata takataka tu.

Database ya programu ya uhasibu ilikuwa kwenye seva nyingine na ina bakapu ya kila usiku, hiyo ilisalimika. Kilichopotea ni vilivyokuwa kwenye desktopu yake, majedwali ya kufanyia hesabu za katikati ya mwezi, barua zilizoskaniwa, na folda moja ambayo hakuna mtu mwingine aliyejua kama ipo.

## Walichobadilisha

Cha kwanza walizima dnsmasq kabisa, na hicho walifanya ndani ya dakika chache, safi. Kingine chote kilisubiri mpaka wakae chini.

Menyu ikageuzwa, chaguo la msingi sasa ni kubuti kwenye diski ya ndani, na kuinstoli unalichagua kwa ruhusa. Ruhusa inatolewa kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Kwenye pxelinux ni rahisi sana: kabla haijafungua faili linaloitwa default inatafuta kwanza faili lenye jina la MAC ya mashine, linaloanza na 01 na vistari katikati, so unaweka faili la kuinstoli kwa mashine uliyoikubali tu na nyingine zote zinaangukia default ambayo haifuti kitu. Upande wa GRUB, kibutishaji cha mashine za UEFI, waliandika mistari michache inayosoma net_default_mac na kulinganisha na orodha. Kurudi kwenye diski ya ndani kwa upande wa UEFI kulisumbua kidogo, amri ya exit inategemea BIOS ya mtengenezaji, nyingine zinaenda kwenye diski kama zinavyotakiwa, nyingine zinakurudisha kwenye menyu ya BIOS na mtumiaji anapiga simu.

Ruhusa ni ya mara moja. Mwisho wa preseed, kwenye late_command, mashine inaita anwani moja kwenye seva kwa wget na kiskripti kidogo kinaondoa faili lake. Ikijiristati haikuti tena ruhusa, inaenda diski. Lile duara la siku ya kwanza likaisha hapohapo bila mtu kuchomoa kebo.

Mpangilio wa kubuti ukarudishwa diski mbele kwenye mashine zote, na anayetaka kuinstoli anabonyeza F12 au ufunguo wowote ambao mtengenezaji huyo ameupenda. Meneja hakufurahi, "sasa si mtu lazima awepo?" Ndiyo, lazima awepo. Anabonyeza mara moja kisha anaondoka.

Mstari wa diski nao uliandikwa upya: kama kuna diski moja tu ya ndani ichukue hiyo, zikiwa mbili au zaidi simama uulize. Na paswedi, ambayo kwenye preseed ya kwanza ilikuwa imeandikwa wazi na mtu yeyote kwenye mtandao wa ofisi angeweza kuisoma kwa brauza, iliwekwa kwa hashi, yaani imefichwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, ila hashi nayo inasomeka na inaweza kukisiwa, so waliifanya ya muda tu, Ansible (chombo cha kusanidi mashine nyingi kwa pamoja) inaibadilisha mashine ikishaamka.

## Matokeo

Mashine zilizobaki zilimalizika kwa mafungu ya kumi kumi na hakuna nyingine iliyofutwa bila kukusudiwa. Kazi ilichelewa karibu wiki. Zote zinafanana, na mashine ikiharibika diski sasa wanaweka mpya, wanatoa ruhusa, mtu anarudi kazini siku hiyohiyo. Mhasibu alijenga upya sehemu ya majedwali yake kutoka kwenye viambatisho vya imeili alizowatumia wengine. Uhasibu sasa hawataki fundi aguse hata kipanya chao bila barua, na siwezi kuwalaumu.

## Nilichokiona mimi

Uongozi ulitaka kumpa kijana barua ya onyo kwa sababu yeye ndiye aliyebadilisha BIOS za uhasibu. Niliwaambia hapana. Mkitoa ile BIOS kwenye hesabu bado mashine zote zilizokwishahamishwa ambazo hazikurudishwa diski mbele zingejifuta siku ya umeme, na za watu wengine walioanza kuzitumia. Zilizookoka ziliokoka kwa sababu kuna mtu alikumbuka kurudisha mpangilio kwa mkono.

Kuinstoli kwa mkono kuna maswali ya aina mbili ambayo tumezoea kuyaona kama fungu moja. Kuna yale ya lugha gani, saa gani, jina gani, hayo ni ya kuandika tu na mashine ikijijibu hakuna anayeumia. Halafu kuna lile moja la diski, "andika mabadiliko haya?", ambalo kwenye kisakinishi cha Debian jibu lake la kawaida ni hapana. Kwenye preseed unaliondoa kwa partman/confirm boolean true, mstari mmoja uliokaa katikati ya mingine mingi ya kibodi na saa, na ukishauandika umejibu ndiyo kwa kila mashine itakayowahi kufika kwenye ile menyu, hata ambayo hujaiona. Meneja aliposema isiulize chochote alikuwa anawaza yale ya kwanza. Fundi alitekeleza yote mawili. Hakuna aliyekaa akauliza sasa lile la pili nani analijibu na analijibu wapi.

Na usitegemee itifaki zenyewe zikulinde. Mwongozo wa PXE 2.1 ni wa mwaka 1999, TFTP ya RFC 1350 ni ya 1992 na haina hata sehemu ya kuingiza jina na paswedi. Kadi inaomba, anayejibu anajibu, imeisha. Ulinzi wowote unaoutaka lazima uujenge juu yake.

Kwa upande wa vizuri, proksi ya DHCP naipa alama zote, siku walipozima dnsmasq kwa haraka ofisi haikukosa intaneti hata sekunde moja, na hilo lilitokana na uamuzi wa wiki kadhaa nyuma. Kutumia faili zilizosainiwa badala ya kuzima Secure Boot pia. Kilichopungua ni majaribio: mashine pepe na kompyuta moja ya zamani haziwakilishi jengo lenye aina nne tano za maunzi. Ungechukua moja ya kila aina kabla ya kuanza, spanning tree, nvme na RAID vyote ungevikuta wiki ya kwanza ukiwa umetulia.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo waliikataa mapema na mimi ningeifikiria zaidi: VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya peke yake ya kuinstolia, milango michache kwenye meza ya fundi, seva iko humo tu. Mashine ambayo haijabebwa ikaletwa pale haiwezi kufutwa, hata menyu iwe imeandikwa vibaya kiasi gani. Waliona kubeba mashine sitini ni aibu kwa kitu kinachoitwa otomatiki. Kwa ofisi ya mamia ningekubaliana nao.

## Kilichobaki

Laptopu nyembamba zisizo na tundu la kebo ya mtandao. Zinabuti kwa adapta ya USB, na anwani ya MAC ni ya adapta, si ya laptopu. Adapta ziko mbili na zinazunguka ofisini, so ukitoa ruhusa kwa MAC ya adapta umeitoa kwa laptopu yoyote itakayoichomeka kabla ruhusa haijatumika. BIOS nyingine zina uwezo wa kuazima adapta MAC ya mashine yenyewe, ila si zote walizonazo. Pxelinux inaweza kutafuta faili kwa UUID ya mashine (namba yake ya utambulisho) badala ya MAC, lakini laptopu hizi zote ni UEFI na kwa GRUB wangetakiwa kusoma taarifa hiyo kwa amri ya smbios, kitu ambacho bado hawajakijaribu. Kwa sasa laptopu zinainstoliwa kwa flashi yenye preseed ileile ndani, isipokuwa mstari wa partman/confirm wameutoa, so ikifika kwenye diski inasimama na anayeinstoli anajibu mwenyewe.